Kikopo cha Salma

Mwishehe, fundi makochi wa Mtoni, alikuwa mwanamume mwenye haya. Hata mteja akimgombeza, yeye huinamia misumari yake. Basi mama mkwe wake, Bi. Raudha, alipomjia juu, alizidi kugongelea misumari.

"Baba Salma, umerogwa? Choo cha mtoto unawagawia wageni? Wakikifanyia mambo je?"

Wageni wenyewe walikuwa watafiti wa dawa za minyoo, waliokuja kwenye zahanati ya mtaani. Salma, binti wa Mwishehe, wa darasa la pili, tumbo lilikuwa likimkata hadi anajikunja. Walimpima, wakamkuta na minyoo, wakampa dawa mbili kwa pamoja. Walikuwa wanajaribu kama mchanganyiko huo unaishinda minyoo ambayo dawa moja huiacha. Kisha wakampa baba kikopo kingine, alete tena choo cha mtoto, wajue kama minyoo imekwisha.

Mwishehe hakutaka kuwaudhi wauguzi, wala mkwewe. Akaingia msalani na kikopo, akatia cha kwake.

"Hongera, baba Salma," muuguzi Anastasia alimwambia siku ya majibu. "Mtoto safi kabisa. Dawa imefanya kazi."

Lakini nyumbani Salma aliendelea kulia, kashika tumbo. Mkewe Tunu alimkanda, akiguna: "Si wamesema kapona? Basi hili ni jambo lingine." Bi. Raudha akaanza kutaja mganga wa Mbagala.

Asubuhi Mwishehe alimbeba mtoto hadi zahanati. Kina mama walijaa kwenye mabenchi.

"Sista," alimnong'oneza Anastasia, "kile choo kilikuwa changu."

"Sikusikii, baba."

"Kile choo! Kilikuwa cha kwangu mie!"

Mabenchi yakalipuka. "Makubwa! Kumbe aliyepona minyoo ni baba!"

Anastasia hakucheka. "Baba Salma, tungesema dawa inaponya kwa choo chako, watoto wangapi wangebaki na minyoo? Wa kwanza huyu wako."

"Mpeni dawa tu, sista. Mie nisemeni mtakavyo."

"Siwezi kubahatisha. Tumpime kwanza."

Akampa Salma kikopo, naye akaingia nacho msalani. Mwishehe akasimama nje ya mlango wa choo, jasho linamtiririka, vicheko vinamchoma kisogoni.

"Jitahidi, mwanangu."

"Baba, inauma," Salma alijibu kutoka ndani. "Haitoki."

Mwishehe akaegemeza paji la uso mlangoni. "Nipo hapahapa, mama. Siondoki."