Fosia Anayezirudishia Katuni za Zamani Mistari Iliyopotea

Saa mbili asubuhi, Fosia Gedi anafuta kioo cha skana kwa kitambaa laini, anainama kukitazama kwa pembeni, kisha anakifuta tena. Vumbi la Garissa haliishi. Chembe moja ikibaki juu ya kioo, ukurasani itaonekana kama nzi.

"Msomaji atadhani huyo nzi alichorwa," anasema akicheka. "Atakaa hapo akitafuta maana yake."

Fosia, mwenye umri wa miaka 43, ana duka dogo la kuchapa na kunakili karatasi karibu na soko. Wateja wake huleta vyeti, vitambulisho na barua za kuomba kazi. Lakini kwa zaidi ya mwaka, kila asubuhi kabla foleni haijaanza, alikuwa akisafisha katuni za zamani kwenye kompyuta ili zichapishwe upya.

Ni katuni za Nunow, mfugaji mbishi, na ngamia wake mwenye akili kumshinda. Mwalimu Gabow Kadar, ambaye sasa ana miaka 79, alizichora kwa miaka kumi na saba katika jarida la wafugaji lililokuwa likitoka kila mwezi. Zilikuwa 204.

Miaka mitatu iliyopita, wapenzi wa katuni hizo walichanga, kitabu kikachapishwa Nairobi. Nakala za katuni zilizopelekwa huko zilitoka kwa Fosia.

"Nilikuwa na haraka," anakiri. "Nilinakili nakala ya nakala."

Kitabu kilipofika, ngamia alikuwa mweusi kama gunia la makaa. Mchapishaji naye, ili picha zienee kwenye ukurasa, alikuwa amekata kisanduku cha nne cha katuni nyingi, na kichekesho kiko humo. Katika moja, karani anamwamuru Nunow ajaze fomu ya ngamia: jina, umri, kazi. Kwenye kisanduku kilichokatwa, ngamia mwenyewe ameshika kalamu na kuandika: "Kazi: kumbeba huyu."

Hata maneno yalikuwa yamesahihishwa. Nunow husema "bole bole", kama wasemavyo wazee wengi wa huku. Kitabuni alisema "polepole", kama mtangazaji wa redio.

"Adeer Gabow alikifungua kwenye kiti hicho cha wateja," anasimulia Fosia, akimwita mzee huyo kwa neno la Kisomali la heshima, yaani baba mdogo. "Akafunua kurasa nne, tano. Akakifunga. Akaniambia, 'Fosia, hiki si changu.' Walahi, hakupandisha sauti. Afadhali angenigombeza."

Wiki nzima Fosia hakula vizuri. Kisha akaanza kuuliza ni nani aliyehifadhi majarida yenyewe. Akaelekezwa kijijini Sangailu, kwa Mowlid Abdi, daktari wa mifugo mstaafu, ambaye alikuwa nayo kwenye sanduku la bati. Mzee Mowlid akakataa kuyatoa.

"Nilimwambia, karatasi hizi haziondoki nyumbani kwangu," anakumbuka mzee huyo kwa simu. "Akasema, haya, basi mimi nitakuja na mashine."

Fosia alifunga duka, akasafiri na skana na betri ya sola. Kwa siku tatu, Anab, mkewe Mowlid, alinyoosha kurasa zilizokunjamana kwa pasi ya uvuguvugu juu ya shuka, naye Fosia akazipitisha kwenye skana moja moja. Alirudi na katuni 195.

Kazi ya kuzisafisha ilichukua miezi kumi na minne. Alifuta madoa ya chai na alama za mikunjo, lakini mstari wa mzee hakuugusa. Penye shaka, alimpigia simu.

"Aliniuliza kuhusu ngamia mwenye miguu mitatu," anasema Mwalimu Gabow. "Nikamwambia, huyo mwache. Siku ile nilisahau wa nne, na barua nilizopata zilijaa mfuko."

Kitabu kipya kilitoka mwezi uliopita, kwa karatasi nzito isiyopitisha wino, picha zikiwa na ukubwa wake wa awali. Mwalimu Gabow, ambaye macho yake yamepungua nguvu, alikisogeza karibu na pua. Akasoma kurasa tatu. Kwenye ya nne akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Nilikuwa nimesahau kwamba mimi ni mcheshi," anasema. "Hiki ni changu. Mashallah, hiki ni changu."

Kwa zile katuni tisa zisizopatikana, Fosia hakuruka kitu. Ameacha kurasa tisa tupu, kila moja na mwezi na mwaka wake, na namba ya simu ya Fosia chini. Tayari mwanamke mmoja wa Wajir, Samsam, amempigia. Marehemu baba yake alikuwa amebandika mbili kati ya hizo tisa ukutani, ndani ya duka lake la nguo.

Baada ya Idi, Fosia atapanda basi kwenda Wajir na skana yake mapajani.

"Ameniambia ziko juu sana, karibu na dari," anasema. "Nikamwambia asizibandue, zitachanika. Anitafutie ngazi tu."