Mashine ya Watu Wawili

Kambini walimwita Mlingoti, maana akisimama katikati ya mashamba ya chai ungemtambua kutoka barabarani. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, walimwita Nusu. Wote wawili waliyapokea majina hayo bila kinyongo. Walipopita pamoja na vikapu mgongoni, hata nyapara, mtu wa kununa tangu alfajiri, alijikuta akitabasamu.

Nusu ndiye aliyemfundisha kuchuma. Mlingoti alifika kambini bibi harusi, vidole laini, hajui kwamba kinachotakiwa ni majani mawili machanga na chipukizi lake, basi. Siku ya kwanza alijaza kikapu majani magumu, vijiti, na kinyonga mmoja aliyekuwa na shughuli zake. Nusu alikimwaga chote, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akampunguzia majani ya kwake ili asiaibike kwenye mizani. Mume alipofariki, ni Nusu huyohuyo aliyelala naye chumba kimoja mpaka alipoweza tena kula akashiba.

Kisha zikaja mashine za kuchumia. Mashine hiyo hubebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, wakienda sambamba huku mfuko nyuma yao ukijaa majani. Zikakabidhiwa wanaume, na mshahara mnono juu yake. Wanawake wakaachiwa kingo na miteremko, na kila msimu wachache wao waliambiwa vikapu vyao havihitajiki tena.

Mlingoti hakuwa mtu wa kumeza maneno. Alisimama mkutanoni akamkabili meneja.

"Baba, sisi tumebeba vikapu na mimba kwa pamoja. Hiyo mashine ina uzito gani wa kututisha?"

Wanawake walishangilia mpaka meneja akainua mikono. Akakubali, kwa shingo upande: wanawake wapewe mashine moja, ya majaribio, na Mlingoti achague mwenzake. Waliobaki wote wangelipwa kiinua mgongo na kurudisha vyumba vya kampuni mwisho wa mwezi.

Mlingoti alikuwa ameomba kazi kwa wote, akapewa nafasi mbili. Nyumbani alimkuta Nusu akipuliza moto.

"Mwenzangu ni wewe. Nani mwingine?"

"Mimi, wifi? Si nitaning'inia kwenye huo mpini kama nguo ya kuanikwa!"

"Ning'inia tu. Nitakubeba wewe na mashine yenyewe."

Siku ya majaribio wanawake wote walijipanga kando ya shamba. Mashine hutaka kwenda sawa. Ikiinama upande mmoja, meno yake huzama kwenye matawi na kuuacha mti uchi. Mlingoti akakunja magoti ili alingane na wifi yake. Ng'ambo ya pili Nusu alitembea kwa ncha za vidole, mikono juu, mishipa ya shingo imemtoka. Walikwenda vizuri mpaka katikati ya mstari, magoti ya Mlingoti yakashindwa, akainuka kidogo tu. Upande wa Nusu meno yakala matawi, vijiti vikaruka.

"Mara ya mwisho," nyapara akasema. "Mkiharibu tena, mashine inarudi kwa wanaume."

Mlingoti akakunja magoti upya. Nusu akazima injini.

"Washa, wifi," Mlingoti akamsihi. "Nimeshaupata mtindo wake."

"Mtindo gani? Miguu inakutetemeka, naiona kutoka huku."

"Washa, nakuomba! Utaenda wapi wewe?"

Nusu alimwita mke wa dereva wa kampuni kutoka kwa wanawake waliojipanga, mwanamke wa kimo kizuri, akaupangusa mpini kwa upindo wa nguo yake na kumkabidhi. Mke wa dereva alikosa pa kutazama. Mlingoti alilia waziwazi, mbele ya nyapara na meneja, asijifute hata uso. Nusu akazunguka mpaka upande wake, akampapasa kiunoni, pale mkono ulipofika.

"Nyooka, wifi," akamwambia. "Nyooka ufanye kazi."

Mlingoti akanyooka. Mashine ikakata sawa mstari mzima, meneja mwenyewe akapiga makofi. Mlingoti alipogeuka kumtafuta wifi yake, Nusu alikuwa ameshateremka kambini kufungasha vyombo.