Zamu ya Mama wa Kibaoni

Jumanne nilikuwa ofisi ya kata Kibaoni, nasubiri barua yangu igongwe muhuri. Benchi la pili alikaa mtafiti kijana wa chuo kikuu, aliyepata ufadhili wa kuja kutusoma sisi watu wa Katavi. Alikuwa anamhoji mama mmoja, mkulima wa mpunga.

Akaanza kusoma karatasi ya ridhaa. Mama akafumba macho, akamalizia kwa kichwa: "Niko huru kutojibu swali lolote, na naweza kujitoa wakati wowote bila madhara. Endelea, mwanangu."

Kumbe amehojiwa miaka na miaka! Kabla hajaulizwa, akataja paa la bati na choo cha shimo. "Nani anaamua mambo nyumbani? Andika wote wawili. Wenzako wanapendaga hivyo."

Kisha akachomoa daftari kwenye kikapu chake. "Sasa zamu yangu. Una mke?"

"Ninaye."

"Mara ya mwisho mligombania nini?"

Mtafiti akatazama dari.

"Haya, tuache hilo. Majibu tuliyowapa wenzako yalienda wapi?"

"Yapo chuoni, mama."

"Nani kayasoma?"

Kijana akafunga kishikwambi chake, akafungua, akafunga tena. Mama akampigapiga begani. "Uko huru kutojibu, baba."

Kijana akaaga anakwenda kunywa maji. Mpaka barua yangu inagongwa muhuri, hajarudi. Kwa kanuni zao wenyewe, nadhani amejitoa. Kama ni bila madhara, hilo linahitaji utafiti.