Pikapu Aliyoniuzia Mtani

Pikapu yangu ya kwanza niliinunua kwa mtani wangu, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Yeye ni Mzaramo, mimi Mnyamwezi. Tangu enzi za misafara, babu zangu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kukutana na babu zake, watu wa makabila haya mawili wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana kuku na kuchekana hata msibani, na anayekasirika ndiye anayeonekana mtu wa ajabu. Mtani huyu alifanya kazi reli hapa Tabora, akastaafu, akagoma kurudi kwao, akajenga mtaani kwetu Chemchem, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Kila asubuhi akipita mbele ya kibaraza changu huniuliza kama nimeshajifunza kutumia kijiko. Humjibu kwamba kijiko changu alikiiba yeye.

Mimi nauza asali na karanga. Kwa miaka mingi nilisafirisha mizigo yangu kwa kubembeleza madereva wa watu, na mimi si mtu wa kubembeleza. Niliposikia mtani anauza pikapu yake ya bluu, sikungoja hata chai iive.

"Usinunue gari hili, mtani," aliniambia, ameegemea mlango. "Lina roho mbaya. Likipata joto linazima, na likizima haliwaki mpaka lisukumwe."

Nilicheka sana.

"Babu zako walifika kwetu kwa miguu, mzigo kichwani," akaendelea. "Kwa gari hili na wewe utafika Nzega hivyohivyo."

Hapo nilicheka mpaka nikafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mara ya tatu alinitazama usoni, akasema taratibu kwamba gari ni bovu. Nikampiga kofi la bega, nikamwambia aache maneno, alete kadi ya gari. Alitikisa kichwa, akaingia ndani, akaileta.

Sasa mnaosoma mnaweza kuniona mjinga, lakini muulizeni Mnyamwezi yeyote. Mtani akikwambia nyumba yako nzuri, unakwenda kukagua kama paa limeanguka. Akikuponda, unajua anakupenda. Ningewezaje kumwamini siku hiyo moja tu?

Pikapu ilifanya kila alichosema. Ilizima sokoni, ikazima mbele ya kanisa, ikazima katikati ya barabara huku mkuu wa shule akinipigia honi nyuma. Bodaboda walinizoea. Wakiniona nimesimama walikuwa wanashuka wenyewe, wanasukuma, wananiuliza hali ya nyumbani. Fundi alibadilisha betri, akabadilisha stata, akafungua na kufunga, na kila mara alinihakikishia kwamba safari hii imepona. Nilijifunza kuegesha kwenye miteremko tu. Tabora haina miteremko mingi, kwa hiyo nilikuwa nikiegesha mbali na kila nilikokwenda.

Yote hayo ningeyavumilia kama si harusi ya binti yangu wa kwanza.

Mama yangu anaishi Lusu, upande wa Nzega. Kwake yeye, bibi mzaa mama hafiki harusini kwa basi. Hufuatwa nyumbani, akakalishwa kiti cha mbele, na mizigo yake ikapangwa nyuma: kuku, mchele, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa ambavyo wajukuu zake huvigombania. Siku hiyo alivaa kitenge kipya na viatu vyeusi vyenye kisigino kidogo, alivyonunuliwa na wenzake wa kwaya ya kanisa letu la Moravian. Njia nzima alikuwa akivitazama.

Tulipofika Puge, pikapu ikazima. Mvua ilikuwa imenyesha na nilikuwa nimelisogeza gari pembeni, penye tope. Wanaume wawili walisukuma, ikakohoa, ikanyamaza. Wakasukuma tena. Nikiwa nimeshika usukani niliangalia kwenye kioo cha pembeni, nikamwona mama yangu nyuma, mikono yote miwili kwenye bodi, kichwa chini, anasukuma. Nilipiga kelele aache. Hakuacha. Tope lilimeza kiatu kimoja, akakivuta, cha pili kikatoka kisigino.

Mama mmoja mwenye mgahawa hapo kando ya barabara alimpa kigoda na maji ya kunawa, na ndipo tulipongoja fundi. Tulifika Tabora sufuria za pilau zikisuguliwa. Maharusi walikuwa wameshabarikiwa, picha zimeshapigwa. Mama alikula chakula kilichopoa, miguu mitupu chini ya meza, akawasalimia wote kwa furaha. Angenigombeza ningepumua. Alisubiri tukiwa wawili tu, akasema, "Mwanangu, sipandi tena gari nililolisukuma." Kesho yake alirudi Lusu kwa basi.

Alishika neno lake. Sikukuu zilipita, mimi ndiye niliyekwenda kwake, yeye hakuja. Halafu kitindamimba wangu naye akachumbiwa. Nilimpigia mama simu kumweleza siku ya harusi. Alipiga vigelegele, akauliza habari za bwana harusi na ukoo wake wote, na mwisho akasema kwa sauti ya upole, "Basi mtanipigia picha."

Nilikata simu nikalia. Huyu ndiye mtoto wangu wa mwisho, na mama hasemi tena umri wake kwa sauti. Asipoiona harusi hii, hakuna nyingine ya watoto wangu atakayoiona. Nilijifuta uso, nikatoka moja kwa moja mpaka kwa mtani, nikiwa na hasira ya kutosha watu watatu.

"Uliniuzia balaa!" nilimwambia kabla ya salamu.

"Nilikwambia," alisema. "Nilikwambia mara tatu. Ya tatu sikucheka."

Nikafungua mdomo nimjibu, nikakumbuka uso wake siku ile. Ni kweli. Hakucheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa niaba yetu wote wawili. Tukatazamana, na sijui nani alianza, lakini tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza nani amekufa.

Nilipopata pumzi niligundua jambo ambalo lingenisaidia mapema. Katika mji mzima huu, mtu pekee aliyewahi kuniambia ukweli kuhusu gari alilokuwa anauza ni huyu. Nikamwambia: "Unanitafutia pikapu. Itukane kadiri unavyotaka. Safari hii nasikiliza."

Sijawahi kufurahia kutafuta kitu kama nilivyofurahia wiki zile. Mtani alivaa kofia yake ya reli kila tulipokwenda, ili, kwa maneno yake, magari yamwogope. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inang'aa, na mimi nilishaanza kujiona ndani yake. Mtani alipiga magoti, akachungulia chini, akagonga kwa kidole. "Huyu bibi kapaka poda usoni, miguuni ana kutu," alisema kwa sauti ambayo mwenye gari aliisikia vizuri. Nilichungulia. Chini kulikuwa kumeliwa vibaya. Niliiaga ile rangi kwa uchungu.

Ya pili ilikuwa na viti vizuri na redio. Dalali aliipiga stata, ikawaka mara moja, nami nikatabasamu. Mtani akasema izimwe. Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha pale kama anayempima mtoto homa. "Mbona imeamka kabla yetu?" alimuuliza dalali. "Tutarudi kesho asubuhi. Usiiguse." Asubuhi iliyofuata tuliikuta ya baridi, na stata ikalia na kulia bila injini kujibu. Dalali alisema ni hali ya hewa. Mtani alimpa pole, akamwambia Tabora ikipata theluji tutakuja tena.

Ya tatu ilikuwa Ulyankulu, kwa mzee mmoja mkulima ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alitupokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo," mtani, Mwislamu wa watu, akaitikia "Milele amina" kwa sauti kuliko mimi. Pikapu ilikuwa nyeupe iliyofifia, ina mikwaruzo ubavuni na kiti cha mbele kimeshonwa kwa uzi wa gunia. Sikuipenda hata kidogo. Mzee hakuisifia. Alileta boksi la mbao, akatutolea vifaa vyote vilivyokwisha ambavyo alikuwa amevibadilisha, kimoja kimoja, kila kimoja kimefungwa gazeti na kuandikwa kwa kalamu mwezi kilipotolewa. Alikuwa akivitunza tu. Alisema ukitupa kifaa unasahau gari lilikuwa linaumwa wapi.

Ilikuwa ya baridi. Mtani alihakikisha kwa kiganja. Ikawaka kwa mguso wa kwanza. Mzee akaomba tupakie magunia yake ya mahindi tuipeleke kwenye mchanga. Tukapakia. Nikaendesha mwenyewe, ikapita mchanga ule bila kulalamika, nikaizima makusudi katikati, ikiwa ya moto, nikaiwasha tena. Mara tano nilifanya hivyo, na mara tano ikaniitikia. Nikamgeukia mtani nisikie tusi lake. Alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma, akafungua mdomo, akaufunga.

"Haya, tukana," nikamwambia.

"Sina," alisema, na alionekana amekasirika kweli. "Mnyamwezi utapata gari zuri na mimi sina la kusema. Nunua tu, mimi ninune."

Nilinunua. Ile ya bluu ilichukuliwa na fundi aliyetaka kuifungua vipuri, na siku ilipokokotwa kutoka nyumbani, mtani aliizika kama watani wanavyozika. Alijitanda kanga yangu ya zamani, akawaigiza majirani jinsi marehemu alivyokuwa akiishi: akakohoa, akatetemeka, akatembea hatua nne, akasimama getini, akakataa katakata kuendelea mpaka asukumwe. Akina mama wa mtaa mzima walimsukuma, wengine wamekaa chini kwa kicheko. Kisha akadai haki yake ya msibani, akang'oa kioo cha pembeni. Mpaka leo ananyolea ndevu.

Mama nilimwambia kwa simu kwamba nimebadilisha gari na ninamfuata, lakini hakuahidi kupanda.

Nilikwenda Lusu asubuhi mapema, siku moja kabla ya harusi, sikutaka kubahatisha. Nilimkuta uani ameshavaa kitenge, mizigo imefungwa. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikuwa anatazama gari. Akalizunguka. Akabonyeza kiti kilichoshonwa.

"Nani aliyelichagua?" aliuliza.

"Mtani wangu, mama. Yuleyule."

"Alisema nini?"

"Alikosa la kusema."

Mama akacheka kicheko kifupi cha puani, akapanda mbele. Tukaondoka. Aliongea njia nzima, habari za karanga, za mchungaji, za jirani aliyeoza mtoto kwa mtu asiyejua kulima. Mimi nilikuwa namjibu, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye injini.

Tulipokaribia Puge akasema, "Simama hapa."

Nilisimama palepale.

"Zima."

Nilizima. Mama alishuka, akachukua kuku mmoja na kibaba cha michembe, akavuka kwenda kwenye ule mgahawa. Nilimwona akimkabidhi yule mama wa kigoda, wakashikana mikono, wakaongea, wakacheka, wakaongea tena. Jua lilikuwa linapanda na gari lilikuwa la moto. Hapo ndipo nilipoona jinsi anavyotembea akirudi. Alikuwa amevaa kandambili. Kitenge cha harusi, kilemba cha harusi, na kandambili za kwendea kisimani.

Alipanda, akafunga mlango, akaweka mikono mapajani. Hakusema washa. Alingoja tu, nami nikaelewa kwamba tangu Lusu mama yangu alikuwa amejiandaa kusukuma.

Niligeuza ufunguo. Ikawaka.

Mama aliinama, akavua kandambili moja baada ya nyingine, akazifunga kwenye mfuko wa plastiki. Kutoka kwenye kikapu chake akatoa kitambaa, akakifungua, akatoa viatu vyeusi, vilevile, kisigino kimepigiliwa upya na fundi viatu. Akavivaa taratibu, akainyoosha miguu yake mbele, akaitazama.

"Haya," alisema. "Twende harusini."