Mkono wa Albano Mbele ya Taa

Mwananyamala walimjua Albano kwa mkono wake wa kulia. Siku za kazi alikuwa fundi umeme katika kiwanda kidogo huko Mikocheni, mtu mpole, mfupi, mwenye kofia ya kufumwa. Lakini Jumapili baada ya chakula cha mchana alikuwa bwana wa sinema ya parokia. Alitundika shuka jeupe ukutani, akafunika madirisha ya ukumbi kwa mablanketi, akawasha mashine. Na filamu ilipofika mahali ambapo mwanamume na mwanamke wanasogezeana nyuso, Albano alinyoosha mkono akaiziba taa. Ukumbi ukawa giza totoro. Vijana wakapiga miluzi.

"Toa mkono, Albano!" alipiga kelele Mauwa, jirani yake, ambaye alikuwa Mwislamu wa Kilwa lakini hakukosa sinema hata moja. "Sie watu wazima! Busu nimeliona tangu hujavaa suruali!"

Watu wakacheka, Albano naye akacheka gizani, na alipoona kwamba wale wawili wameachana aliutoa mkono, kisa kikaendelea.

Kazi hiyo alipewa na Padre Projestus, ambaye vigango vyake, yale makanisa madogo ya parokia, vilikuwa vingi kuliko siku za wiki, hata hakuwa na nafasi ya kukaa na kila filamu iliyoletwa kutoka jimboni. "Itazame wewe Jumamosi, peke yako," alimwambia. "Wewe ni baba. Kisichofaa kuonwa na mtoto wako, usiwaonyeshe watoto wa wenzako."

Sinema ikiisha, Padre alisimama mbele ya shuka akauliza, "Haya, tumejifunza nini?" Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Watu wale walimpata Yesu popote. Walionyeshwa filamu ya mtu aliyepoteza punda wake, bibi mmoja akasimama akasema punda ni roho ya mwanadamu. Walionyeshwa filamu ya serikali ya kuchimba vyoo, na mwenyekiti wa kwaya akaeleza habari za kitubio hadi Padre mwenyewe akafuta machozi ya kicheko. Albano alipenda kusikiliza majibu hayo huku akirudisha filamu kwenye gurudumu lake. Moyoni alijiona naye ni mhubiri wa namna yake.

Mwaka ule wa sabini na sita, mwezi wa Agosti, ililetwa filamu ya mhunzi wa nchi za theluji. Albano aliitazama Jumamosi, peke yake ukumbini. Lugha yake hakuijua, lakini picha zilijieleza. Karakana ya mhunzi iliungua. Mhunzi akamshika mwanawe, akamwambia wewe ndiye uliyeacha moto, akampiga mbele ya kijiji kizima, akamfukuza. Kijana akaenda kufanya kazi chini ya ardhi, kwenye machimbo ya makaa. Kisha, kwa picha iliyopita haraka, mhunzi akagundua kwamba moto ule aliuacha yeye mwenyewe. Basi mzee yule mwenye ndevu nyeupe akateremka shimoni, na mbele ya wachimbaji wote akampigia magoti mwanawe.

Albano alisimama. Aliizima mashine kabla ya mwisho, akakaa kwenye benchi.

Alikuwa na binti, Bernadeta, mkubwa kati ya watoto wake watano. Mwaka mmoja kabla ya hapo duka la ushirika la mtaa lilipata robota moja la vitenge, na vyote vilikuwa vya aina moja: kijani, vyenye tausi. Albano alipanga foleni tangu alfajiri akampatia Bernadeta doti moja. Jumapili mbili baadaye, nje ya kanisa, kwaya ikiwa imejipanga kuingia, mzee Gozbert wa halmashauri ya parokia alimvuta pembeni akamnong'oneza kwamba jana amemwona bintiye akiingia sinema ya mjini na mwanamume, kamkumbatia kiuno. "Ana kile kitenge cha tausi," alisema Gozbert. "Sikukosea."

Albano hakuuliza la pili. Alimtoa Bernadeta kwenye mstari wa kwaya kwa kumshika mkono, akampiga makofi mbele ya waumini, akamwita jina ambalo baba hapaswi kulitamka juu ya mwanawe. Bernadeta alisema, "Baba, si mie." Akapigwa tena kwa kujibu.

Mwezi ule nusu ya wanawake wa Mwananyamala walikuwa tausi watupu. Albano mwenyewe alikuwa ameutania mtaa, kwamba mume akirudi usiku atashindwa kujua mkewe ni yupi. Alijua. Ila hasira haikumpa nafasi ya kukumbuka analolijua.

Wiki haikuisha. Gozbert alimkuta njiani, akamwambia huku akicheka, "Bwana, kumbe yule alikuwa nesi mmoja wa mtaa wa pili! Tausi hawa watatuua." Akaenda zake. Albano akaenda sokoni, akanunua samaki, changu mkubwa, akampelekea mkewe Eufrazia, akamweleza aliyoyasema Gozbert, akasema kipande cha katikati apewe Bernadeta. Bernadeta alikula, akasema, "Ahsante, baba."

"Umempa samaki," Eufrazia alimwambia walipobaki wawili. "Neno hujampa."

"Atakuwa ameelewa."

"Yeye labda. Waliokuwa wanatazama je?"

Albano akachukua kofia yake akatoka. Aliona haya. Huko kwao Masasi hakuwahi kumsikia baba yake akimwomba radhi mtoto, wala babu yake. Alijiambia atasema wiki ijayo, kisha baada ya mavuno, kisha Pasaka, na maneno nayo ni kama uji: ukiyaacha yakapoa yanaganda. Bernadeta hakurudi kwenye kwaya. Alikaa benchi la mwisho kanisani. Shikamoo alimpa babaye kila asubuhi, zaidi ya hapo hakuna. Na sasa alikuwa amemaliza mafunzo ya wale walimu wapya wa vijijini, amepangiwa kijiji cha ujamaa huko Liwale. Lori la kuwachukua lingeondoka Temeke Jumatatu, siku inayofuata sinema.

Jumapili ukumbi ulijaa. Bernadeta alikaa nyuma, karibu na mashine, pamoja na mama yake. Albano aliusikia mgongo wake ukiungua kwa kujua kwamba yupo. Filamu ilikwenda. Karakana ikaungua, kijana akapigwa, watu wakasema "Masikini!" Mhunzi akaanza kuteremka shimoni. Na pale alipoanza kukunja goti, mkono wa Albano ulinyooka wenyewe, ukaiziba taa.

"Busu hilo!" ukumbi ukalipuka.

"Shimoni kuna mwanamke gani?" Mauwa alipiga kelele. "Albano, unatubania bure, huko wamo wanaume watupu!"

Kicheko kikawa kikubwa. Albano hakucheka. Aliuacha mkono mbele ya taa mpaka kiganja kikamuuma kwa joto, na alipoutoa, baba na mwana walikuwa wameketi meza moja wakila mkate.

Padre Projestus alisimama. "Haya. Baba na mwana walikosana, sasa wanakula pamoja. Walipatana vipi?"

Watu walitazamana. Mzee Gozbert akanyanyuka, akashika ukosi wa koti lake. "Padre, ni wazi. Kijana alipiga magoti. Mtoto akiinama, mzazi hufungua mlango."

"Amri ya Nne! Waheshimu baba na mama!" mtu akaitikia.

"Amri ya Nne," Padre alikubali kwa furaha, kwa kuwa pale palipozibwa hata yeye hakupaona. Akahubiri vizuri juu ya watoto waliowaumiza wazazi wao wasitubu. Wanawake wa mbele waligeuka, mmoja baada ya mwingine, wakatazama benchi la nyuma. Mama mmoja, tena bila ubaya wowote, aliinama akampapasa Bernadeta bega. "Umesikia, mwanangu? Usisafiri na kinyongo cha baba."

Albano aliyaona yote hayo. Angeweza kusema, "Padre, sivyo." Yalikuwa maneno mawili tu. Badala yake akaanza kurudisha filamu kwenye gurudumu, na mashine ikakereza kwa kelele.

Nyumbani, jioni kabla ya kula, alikuwa ameketi barazani akijifanya anatengeneza pasi. Bernadeta akaja. Alikuwa amejifunga khanga ya mama yake. Akapiga magoti chini mbele yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Baba, kesho naondoka. Kama kuna nililokukosea, nisamehe. Nataka niende na baraka zako."

Albano aliitazama ile shingo iliyoinama. Mlangoni Eufrazia alikuwa amesimama na mwiko, hapumui. Hapo ndipo mahali pa kusema, na Mungu hampi mtu mahali pa wazi kuliko pale. Lakini aibu ni kitu cha ajabu, hufungua mdomo wa mtu na kuutia maneno yasiyo yake.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema Albano.

Mwiko ulianguka. Bernadeta akainuka, akapangusa magoti, akaingia ndani. Chakula kilipowekwa Albano alisema hana njaa. Mkewe hakumsemesha. Hakuna kitu kilichomtisha Albano kama Eufrazia kunyamaza, kwa sababu mwanamke yule alikuwa na neno kwa kila jambo.

Asubuhi mama na binti waliondoka na sanduku la bati. Albano alimpa Bernadeta mkono, akamwambia ajichunge, akapanda baiskeli kwenda kazini. Alifika mpaka getini Mikocheni. Mlinzi akamwambia, "Vipi mzee, mbona rangi imekutoka?" Albano alimtazama kama hamjui. Nimemsamehe, alifikiri. Mie nimemsamehe yeye. Aligeuza baiskeli.

Alipofika Temeke shati lilikuwa limemganda mwilini. Lori lilikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya chama, nusu limejaa, vijana wakiimba, masanduku na magodoro yakirushwa juu. Bernadeta alikuwa bado chini na mama yake. Albano aliiangusha baiskeli, akaenda moja kwa moja, na mbele ya watu wote akaanza kukunja magoti.

"Baba, hapana!" Bernadeta alimdaka mikono yote miwili. "Usinipigie magoti, baba, utaniletea laana! Simama!"

"Niache."

"Simama kwanza. Una nini?"

Basi ikambidi asimame wima, mikono yake imeshikwa, hana goti la kumsaidia wala pa kuficha macho. Vijana wa kwenye lori wakaacha kuimba.

"Mie ndiye niliyekukosea," alisema. "Siku ile ya kwaya. Hukuwa wewe mjini. Nililijua hilo wiki ileile, Gozbert aliniambia. Nikanyamaza mwaka mzima. Na jana tena, kule kwenye filamu, si kijana aliyepiga magoti. Ni baba. Mie niliziba. Halafu wewe ukaja kunipigia magoti, nikakubali."

Bernadeta aliiachia mikono yake. Alikuwa na macho ya mama yake, yasiyopepesa.

"Ulijua wiki ileile?"

"Ndiyo."

"Ndiyo maana ya yule samaki?"

"Ndiyo."

"Mie nilidhani umenihurumia tu. Mwaka mzima nilidhani bado unaamini ni mie." Alifuta uso kwa ncha ya khanga. "Mama, na wewe ulijua?"

Eufrazia aliinamisha kichwa. "Nilijua, mwanangu. Nilimngoja aseme yeye." Na mama huyo, aliyekuwa akimlaumu mumewe kimoyomoyo usiku kucha, akaona kwamba naye alikuwa ameshika upande wa pili wa mzigo uleule.

Dereva alipiga honi. "Wale wa Liwale, pandeni! Mapenzi ya baba na mwana mtamalizia kwa barua!"

"Subiri, wee!" Eufrazia alimfokea, na dereva akasubiri.

"Nimesikia, baba," alisema Bernadeta. "Kukusamehe nitakusamehe, lakini sio leo, leo nina hasira. Na haya umeniambia mie na mama na dereva. Kule uliponipigia hawajasikia."

Akawapa mgongo, akapanda. Alikaa juu ya magodoro, na lori lilipoondoka aliwapungia mkono, kwanza mama yake, kisha, baada ya kusita, na babaye.

Wiki ile Albano hakulala vizuri. Alifikiria kwenda kuungama kwa Padre, nyuma ya kile kitundu cha kiti cha maungamo, ambako mtu husema na kusamehewa na hakuna anayejua. Siku ya Ijumaa alitoka nyumbani kwenda, akarudi njiani. Bernadeta hakupigwa kwenye kitundu.

Jumapili, misa ilipokaribia kwisha, Padre Projestus aliuliza kama kawaida, "Albano, kuna sinema leo?"

Albano aliinuka. Alivua kofia, akaikunja. Aliwaona wote: Gozbert kwenye benchi la halmashauri, kwaya mahali pake, akina mama waliogeuka wiki iliyopita. Alishika benchi la mbele.

"Ipo, Padre. Tutairudia ileile, na nitaionyesha yote," alisema. "Lakini kwanza nina neno kuhusu mwanangu Bernadeta. Mzee Gozbert, na wewe naomba usitoke. Mwaka jana, hapo nje mlangoni, mlinitazama nikimpiga binti yangu. Hakuwa na kosa."

Padre alikaa polepole kwenye kiti chake. Albano akaendelea, kwa kuwa hilo lilikuwa fupi na yaliyobaki yalikuwa marefu.