Tambara la Ndila Mlangoni

Kama kuna kitu kilichompandisha Ndila hasira, ni mtu kukanyaga sakafu mbichi huku akisema, "Napita tu." Unapita tu wapi? Kwani wewe ni ndege?

Alitoka Mwingi akapata kazi ya usafi katika ofisi ya chama cha wafugaji huko Mweiga. Watu wa huko ni wema, wacha Mungu, na chai hawamnyimi mtu. Lakini mvua ikinyesha, kila gamboti, buti lile la mpira, huingia na shamba lake. Na Jumamosi hiyo mvua ilinyesha, na wanachama walikuwa na mkutano ukumbini.

Kesho yake, Jumapili, mwanawe Kyalo angepokea kipaimara, kijijini kwa nyanya yake. Krismasi Ndila alimwahidi kufika, hakufika. Pasaka vivyo hivyo. Safari hii aliapa. Msimamizi wake, Wachuka, alikuwa amemwambia, "Hall ikikuwa safi, unaenda." Na gari la mwisho la Mwingi, ambalo angelidaka Thika, halimngoji mtu.

Mkutano ulipokwisha akapiga deki mbio mbio, kuanzia jukwaani, akirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Akasuuza tambara, akalitandaza kizingitini, akaenda kubadilisha maji. Hapo ndipo alipokosea. Nyumba za Mweiga huwa na gunia mlangoni, na aliyelelewa vizuri haingii bila kujipangusa. Aliporudi alimkuta mzee Gicheru, mmoja wa wanachama, aliyerudi kufuata kofia yake, amesimama juu ya tambara akisugua gamboti kwa bidii.

"Usijali, mama," mzee alisema kwa fahari. "Nimepanguza miguu kabisa."

Akaenda hadi kiti cha mbele, akachukua kofia, akarudi. Nyayo zake zilionekana vizuri sana.

Ndila hajavuta pumzi, akaja Phyllis, mke wa mwenyekiti, kuchukua mwavuli. Naye alikuwa na adabu zake.

"Mama, hiyo kitambaa ni ya kuosha!" Ndila alilia.

"Si ndiyo maana tunaosha nayo viatu?" Phyllis alimjibu, akaingia.

Kumweleza kungekuwa kumpigia mbuzi gitaa. Ndila alisuuza upya, akaanza upya kule jukwaani, machozi yakimlenga, tambara asilitoe mkononi. Alipofika mlangoni ukumbi ulikuwa unang'aa. Akatundika begi begani.

Ndipo Wachuka akatokea kwa mlango wa ofisini, upande wa pili, kuja kukagua. Alitembea polepole hadi katikati, akatazama madirisha, akatazama pembe za dari.

"Iko sawa," alisema. Kisha akageuka, akatazama chini. "Lakini Ndila, ona hii matope. Huendi na ukumbi iko hivi."

Ndila alizifuata zile nyayo kwa macho, kutoka mlango wa ofisini hadi kwenye visigino vya Wachuka. Maji yakazidi unga. Alivua aproni, akaitundika kwenye kitasa.

"Hizo ni zako, madam. Sasa usisonge. Simama hapo hapo mpaka ikauke."

Akateremka ngazi kuelekea stendi. Wachuka aliinua mguu, akatafuta pa kuuweka, hakupaona.