Sabuni Iliyomtangulia Bwana Afya

Kwa miaka kumi na tisa Bwana Afya amekagua vyoo vya kata nzima, na hakuna kinachomnyima raha kama jambo asilolielewa. Siku hiyo, nyumba ya kwanza alikuta kipande cha sabuni ya kijani kando ya ndoo, kimemeguka pembe. Nyumba ya pili, vilevile. Ya tatu akakikwaruza kwa ukucha, kimyakimya. Ya nne, alama ya ukucha wake ikamkodolea macho.

"Mama, sabuni hii ni yako?"

"Ni yetu sote," mwenye nyumba akajibu bila kupepesa macho.

Jioni alirudi kwake, akaenda kunawa. Kisahani cha sabuni kilikuwa kitupu.

"Majirani waliiazima asubuhi," mkewe alisema. "Eti wana mgeni wa heshima."